Ngazi ya soka letu inakatikia wapi

(Hotuba mbele ya viongozi wa klabu, makocha na waamuzi, Arusha)

Ndugu viongozi wa klabu kutoka wilaya zote za mkoa wetu, makocha, waamuzi, kina mama mnaolea timu za wasichana, wazee wetu mliocheza pale Kaloleni kabla wengi wetu hatujazaliwa, na wageni wetu kutoka Moshi, habari za asubuhi. Karibuni sana.

Nimeombwa nieleze jinsi ligi za nchi yetu zilivyopangwa, kuanzia wilayani hadi Ligi Kuu. Nitaeleza, lakini siwezi kuishia hapo. JKT Oljoro ilishuka daraja mwaka 2014, na tangu hapo mkoa wa Arusha umeitazama Ligi Kuu kama mgeni. Fainali za Kombe la Shirikisho tunaletewa. Juni 2018 Mtibwa Sugar iliifunga Singida United 3-2 pale Sheikh Amri Abeid. Julai 2022 Yanga na Coastal Union zikatoka sare ya mabao 3-3 kwenye uwanja huo huo, na Yanga wakaondoka na kombe kwa penalti. Watu tunao na mapenzi ya mpira tunayo. Sasa unajengwa uwanja mpya wa kuchukua watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mashindano yale yatakwisha ndani ya mwezi mmoja tu. Mimi swali langu ni nani atacheza pale wiki itakayofuata, na wiki zote baada ya hapo.

Tuanze na kilele, maana hicho ndicho wote tunakifahamu. Ligi Kuu ya Bara ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Idadi ya timu imepandishwa na kushushwa mara nyingi. Msimu wa 2019/20 zilikuwa 20, uliofuata zikawa 18, na kuanzia 2021/22 zikabaki 16. Timu 16 zikicheza nyumbani na ugenini, kila moja inapata mechi 30, na ligi nzima inakuwa na mechi 240. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Zilizoshika nafasi ya 13 na ya 14 zinacheza mchujo zenyewe kwa zenyewe. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anakwenda kukutana na timu ya Championship iliyopita kwenye mchujo wa kule. Huko Championship, ambayo wengi bado mnaiita Daraja la Kwanza, timu ni 16 pia, mbili za juu zinapanda bila kupitia mchujo, na ya tatu na ya nne zinagombea hiyo nafasi ya kwenda kupambana na timu ya Ligi Kuu. Chini ya Championship kuna First League, iliyokuwa Daraja la Pili. Kanuni hizi hufanyiwa marekebisho, kwa hiyo kila katibu wa klabu asome kanuni za msimu wake mwenyewe, asitegemee za msimu uliopita.

Utaratibu huu wa juu ni mzuri, na nausema kwa dhati. Timu iliyo nafasi ya 12 mwezi wa nne bado ina jambo la kupigania. Timu ya nne ya Championship bado ina tumaini. Ukiweka mchujo, unazifanya mechi za mwisho ziwe na maana kwa timu nyingi zaidi, na shabiki anaendelea kulipa kiingilio hadi wiki ya mwisho.

Lakini mpango wowote wa kupanda na kushuka unategemea kitu kimoja: kwamba kila timu inacheza ili ishinde. Hilo sisi wa Arusha tunalijua kwa uchungu. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinawania nafasi moja ya kupanda, na zikitofautishwa na mabao. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro, timu ya hapa kwetu, 7-0. Kamati ya nidhamu ya TFF, shirikisho letu la soka, ikazipa adhabu timu zote nne, na Mbao FC ya Mwanza ndiyo ikapanda Ligi Kuu. Mwaka mmoja baadaye Mbao hiyo hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba kule Dodoma. Naikumbusha habari hii mbele ya waamuzi na makamisaa, yaani wasimamizi wa mechi, kwa sababu jambo lile lilitokea daraja la pili kutoka juu, mahali penye magazeti na redio. Huku kwetu wilayani, ambako hakuna mwandishi wala kamera, matokeo ya ajabu siku ya mwisho yanapita kimya kimya. Mechi zote za siku ya mwisho ya kundi lazima zianze kwa wakati mmoja. Kama viwanja havitoshi, tuazime viwanja vya shule. Kwenye hili nisingependa tupeane nafuu hata kidogo.

Sasa tushuke kwetu. Kila wilaya ina ligi yake, Daraja la Nne. Washindi wanakwenda Daraja la Tatu, yaani ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Bara ina mikoa 26, kwa hiyo piga hesabu: mabingwa 26 wanakusanywa kwenye vituo, katika miji michache, wanacheza mechi chache kwa siku chache, wachache wanavuka kwenda hatua ya mwisho, na wachache zaidi ndio wanapanda First League. Timu iliyohangaika mwaka mzima kuanzia kata hadi mkoa inahukumiwa ndani ya wiki mbili, ugenini, ikicheza karibu kila baada ya siku moja.

Hapa ndipo ngazi inapokatika. Kwenye Ligi Kuu na Championship, timu inapewa mechi 30 za kuonyesha thamani yake: ikikosea mwezi wa tisa, ina nafasi ya kurekebisha mwezi wa pili. Bingwa wa mkoa hana nafasi hiyo. Kipa wake akiumwa malaria siku ya pili ya kituo, mwaka umekwisha. Na kwenye mashindano ya wiki mbili, anayefaidika si aliyelea wachezaji vizuri. Anayefaidika ni mwenye fedha za kulala hoteli nzuri, na mwenye uwezo wa kuokota wachezaji watano wenye uzoefu wiki moja kabla ya dirisha la usajili kufungwa. Vijana waliolipigania kwa jasho taji la mkoa wanakaa benchi, wanawatazama wageni wakivaa jezi zao. Mimi nimeona kijana wa miaka 18 akirudi nyumbani kutoka kituoni na kuacha mpira kabisa kwa sababu hiyo.

Naelewa kwa nini mambo yako hivi. Nchi ni kubwa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 600, sembuse Bukoba, Songea au Mtwara. Kuiambia klabu ya kata icheze nyumbani na ugenini nchi nzima ni kuiua. Kwa hiyo sisimami hapa kulilaumu shirikisho. Ninachosema ni kwamba tukishajua kituo kinahitaji timu iliyokomaa, basi wajibu wa kuikomaza ni wetu, kwenye ligi ya mkoa, na ligi ya mkoa iko mikononi mwetu sisi tuliomo humu ndani.

Mwenye shaka aitazame Luton Town ya Uingereza. Mwaka 2014 ilikuwa inamaliza msimu katika ligi ya tano, nje ya madaraja manne ya juu. Mwaka 2023 ilipanda Ligi Kuu ya nchi ile. Watu husimulia kama miujiza. Mimi natazama ratiba yao: ligi ile ya tano ina timu 24, na kila timu inacheza mechi 46 kwa msimu. Hata walipokuwa chini walikuwa wanacheza mpira mwingi kuliko timu zetu za Ligi Kuu. Mchezaji anayecheza mechi 46 anajifunza kucheza akiwa amechoka, akiwa nyuma kwa bao, kwenye tope, mbele ya mashabiki wanaomzomea. Anayecheza mechi saba au nane kwa mwaka hajifunzi hayo, hata awe na kipaji cha namna gani.

Na hapa nyumbani tunao mfano. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986 ikiwa imetoka tu kupanda daraja. Coastal Union ya Tanga ikatwaa mwaka 1988. Mtibwa Sugar ya Morogoro ikatwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ubingwa kutoka nje ya Dar es Salaam si ndoto. Wazee mliomo humu mliwaona wale wachezaji kwa macho yenu. Waliinuliwa na ligi za mikoa na mashindano ya mashirika na viwanda yaliyokuwa yanachezwa wiki hadi wiki.

Kuna wanaoniambia, mzee, hiyo safari ni ndefu, kwa nini tusitafute mfadhili atuletee timu iliyokwisha kupanda? Majirani zetu wa Manyara wanashangilia Ligi Kuu pale Babati. Ni kweli. Timu ile ilipanda mwaka 2022 kwa jina la DTB, ikawa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, na sasa ni Fountain Gate yenye maskani Babati. Haikuvunja kanuni, na watu wa Babati nawapongeza kwa jinsi walivyoipokea. Lakini niwaulize kuhusu Mbarali, mkoani Mbeya. Ihefu ilikuwa timu yao. Novemba 2022 ilikatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, kwa kuwafunga 2-1 pale Highland Estates, katikati ya mashamba ya mpunga. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Kijana wa Ubaruku aliyekuwa anaokota mipira siku ile, leo timu yake iko wapi? Kinachokuja kwa lori kinaweza kuondoka kwa lori. Mimi nataka timu ambayo mtu wa Unga Limited, Sakina au Usa River akiulizwa ilikotoka, ataje mtaa.

Nisieleweke vibaya kuhusu timu za majeshi na taasisi. Bila wao mkoa huu ungekuwa umetoweka kwenye ramani. Mbuni na TMA Stars zimebeba jina la Arusha kwenye Championship, na Moshi iliionja Ligi Kuu kuanzia 2019 kupitia Polisi Tanzania pale Ushirika, hadi iliposhuka mwaka 2023. Timu hizi zina mishahara, chakula, gari na nidhamu. Kocha wa klabu ya uraiani anaomba wachezaji watoke kazini saa kumi, mmoja ni fundi seremala, mwingine dereva wa bodaboda, wa tatu yuko mlimani na watalii kwa siku saba. Mashindano hayo si ya usawa, lakini dawa yake si kuzichukia timu za taasisi. Dawa ni klabu za uraiani kupata njia ya kujiendesha, na njia moja ipo tayari. Wengi wetu tunaipoteza kwa uzembe wa makaratasi.

Nitalikalia hili kidogo. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu inapata asilimia 0.25. Kwa kila msimu kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5. Tufanye kijana wenu alikaa kwenu misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18. Akauzwa baadaye nje ya nchi kwa dola 200,000, ada ambayo si ya ajabu siku hizi. Sehemu yenu ni asilimia 1.5, yaani dola 3,000. Hizo ni shilingi milioni saba na kitu, kwa klabu inayochangishana fedha za mipira. Na tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo hayo, kwa hiyo hamhitaji kufukuzana na klabu ya ng'ambo.

Lakini chombo hicho kinafuata kumbukumbu za usajili. Kama kijana alicheza kwenu kwa jina la kaka yake, au kwa leseni ya kuazima, au mlimwandika kwenye daftari ambalo katibu alihama nalo, basi mbele ya mfumo hakuwahi kuwa kwenu. Ndiyo maana nikisikia kiongozi anajisifu jinsi alivyochezesha mamluki, wachezaji wa kuazima wasio wa klabu, akashinda kombe la kata, naumia. Kwa kombe la kuku na jezi, amefuta historia ya kijana ambayo ingeilisha klabu. Jina kamili, tarehe halisi ya kuzaliwa, usajili kwenye mfumo wa shirikisho, kila msimu. Msiogope gharama ya usajili; ogopeni gharama ya kutosajili.

Sasa nieleze ninachokiomba kwenu. Naomba ligi ya mkoa ya msimu ujao iwe ya timu 16 katika makundi mawili ya timu nane nane, yaliyopangwa kwa jiografia. Timu nane zikicheza nyumbani na ugenini ni mechi 14 kwa kila timu. Mbili za juu za kila kundi ziingie hatua ya mwisho ya timu nne, tena nyumbani na ugenini, mechi sita. Bingwa wetu ataingia kituoni akiwa amecheza mechi 20. Tuanze Septemba, tumalize Februari kabla masika hayajaharibu viwanja. Tusisogeze tarehe kwa sababu ya bonanza la mtu wala ziara ya kiongozi. Timu isiyofika uwanjani ipoteze pointi, lakini tusiruhusu nusu ya ligi iamuliwe kwa pointi za mezani; ikikosekana mara mbili, itoke, na itakayofuata kwenye msimamo wa wilaya ichukue nafasi.

Najua mtaniuliza fedha. Gharama kubwa za mechi ni waamuzi, kamisaa, gari la wagonjwa na usafiri. Ukiacha siku ya mwisho ya kundi, tukiweka mechi mbili kwenye uwanja mmoja siku moja, saa nane na saa kumi, gari la wagonjwa ni moja, kamisaa ni mmoja, na mashabiki wa timu nne wanalipa kiingilio mlango mmoja. Makundi ya kijiografia yatapunguza nauli: Karatu, Mto wa Mbu na Monduli wachezane zaidi wenyewe kwa wenyewe, badala ya kupanda mjini kila Jumamosi. Timu ya Loliondo ndiyo yenye mzigo mzito kuliko wote, na mimi napendekeza mkoa uwachangie nauli kutoka kwenye mapato ya hatua ya mwisho. Si huruma hiyo. Ligi ya mkoa ambayo Ngorongoro hawamo ni ligi ya jiji tu, tuache kuiita ya mkoa.

Ndondo, yaani michuano ya mitaani, tusiipige vita. Pale ndipo watu wanajaa, pale ndipo vipaji vinaonekana, na mtaa unafurahi. Ila ichezwe baada ya Februari, na mchezaji wa ligi ya mkoa asikanyage ndondo wiki ya mechi. Makocha, hili ni lenu kulisimamia, kwa sababu ninyi ndio mnaojua nani alikuja Jumamosi amechechemea.

Kwa upande wa wasichana nitasema machache, maana yupo atakayelizungumza kwa undani mchana. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Simba Queens wamekwisha kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Ngazi yao ni fupi kuliko ya wanaume. Klabu ya kata inayojipanga leo iko karibu sana na taifa. Klabu zenye wasichana wanane au tisa kila moja, unganeni msajili timu moja.

Na ndugu zetu wa Moshi, nawaomba jambo moja. Ninyi mna ligi yenu, sisi yetu, na kanuni zinataka hivyo. Lakini hakuna kanuni inayozuia bingwa wa Kilimanjaro na bingwa wa Arusha kucheza mechi nne za kujipima mwezi wa Machi, mbili huku na mbili kule, kabla hawajaenda vituoni. Kutoka hapa hadi kwenu ni safari ya asubuhi. Watakutana na mpira wa kasi nyingine, na waamuzi wasiowajua. Tukikubaliana leo, makatibu wa mikoa miwili wanaweza kupanga tarehe kabla hatujala chakula cha mchana.

Rasimu ya makundi imebandikwa ukutani pale mlangoni, na kila klabu ina nafasi ya kuandika pingamizi lake hadi saa tisa alasiri. Mwenye orodha ya wachezaji yenye tarehe za kuzaliwa aikabidhi kwa katibu leo hii. Asiyekuwa nayo achukue fomu. Sasa nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na Ngorongoro na Longido, maana wao ndio wenye safari ndefu ya kurudi.